MTI WA SADAKA UMEUPANDA, NANI ANAUMWAGILIA?

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu zangu katika imani, leo nasema jambo ambalo najua halitawafurahisha baadhi yenu, hasa nyinyi mnaonitumia picha. Kila ukifika mwezi wa tatu na wa nne simu yangu inajaa picha za watu waliovaa kanzu safi, jembe jipya, mche wa parachichi katikati, na kila mmoja kaunyooshea mkono kama vile wanaapishwa. Chini imeandikwa: "Sadaqatun jaariya kwa marehemu mama yetu, tunaomba dua zenu." Maa shaa Allah, tunaomba Allah awarehemu wazazi wetu wote. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyenitumia picha ya mti huohuo mwezi wa kumi.

Nitakwambieni mwezi wa kumi ukoje hapa Kate, kwa faida ya mlioko mbali. Sisi tuko juu ya uwanda wa Ufipa. Sumbawanga mjini ni takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, nasi huku Nkasi hatuko bondeni. Mvua yetu ni ya msimu mmoja: inaanza Novemba, inakatika kuelekea mwisho wa Aprili, halafu mbingu inafunga. Mei, Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba, miezi sita. Kwanza inakuja baridi ya kipupwe na upepo usiokuwa na mti wa kuuzuia, maana huku ni nchi ya nyasi. Halafu linakuja jua kali, na baada ya mavuno mbuzi na ng'ombe wanafunguliwa wazurure, halafu unakuja moto wa nyika. Mche uliopandwa kwa takbira mwezi wa nne unaingia kwenye mtihani huo mizizi yake ikiwa bado na umbo la kiriba ulichotokea. Mwezi wa kumi ukienda kuuangalia unakuta kijiti na kibao chenye jina la marehemu. Kibao kinadumu kuliko mti.

Kwa hiyo rai yangu ni hii, na anayeikataa aje na hoja: misikiti na madrasa zetu ziache kuhesabu miti iliyopandwa. Tuhesabu iliyopita kiangazi. Na mtu mwenye uwezo wa kutunza mti mmoja asipande kumi.

Najua mtanijibu kwa hadithi. Mtasema Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) ametuambia kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi aupande. Ni kweli, ameipokea Imam Ahmad, na Bukhari katika Al-Adab al-Mufrad. Lakini angalieni hiyo hadithi inamzungumzia nani. Inamzungumzia mtu asiyekuwa na kesho. Yeye hadaiwi maji ya Agosti, kwa sababu Agosti haipo. Wewe unayo kesho, unayo kesho kutwa, unao mwezi wa saba na wa tisa, na bado unataka upewe hukumu ya mtu aliyekatikiwa na muda!

Na ile hadithi nyingine mashuhuri, ya Anas bin Malik, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, isomeni vizuri. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba Muislamu akipanda mti au akalima mazao, kisha akala humo ndege au mwanadamu au mnyama, inakuwa kwake ni sadaka. Sadaka imefungamanishwa na kula, na mti uliokufa una miezi mitano haujamlisha hata kunguru. Sisemi mpandaji hana ujira kabisa, la, nia ina ujira wake na hesabu iko kwa Allah, si kwangu. Ninachosema ni kwamba ile sadaka yenye kuendelea, ambayo ndiyo uliyomkusudia mama yako, haina pa kuendelea.

Ipo pia riwaya katika Musnad ya Imam Ahmad yenye maana kwamba anayesimika mti kisha akasubiri katika kuulinda na kuuhudumia mpaka ukazaa, basi kila kinachopatikana katika matunda yake kina thawabu ya sadaka kwa Allah. Wanazuoni wa hadithi wameizungumza sanadi yake, wapo walioidhoofisha, nami sifichi hilo. Lakini maana yake haigongani na iliyo sahihi, bali inaifafanua: kulinda, kuhudumia, kusubiri, mpaka uzae.

Tukitaka mfano wa wazi zaidi twende kwa Salman al-Farisi (radhi za Allah ziwe juu yake). Salman alikuwa mtumwa Madina. Mtume (s.a.w.) akamwambia aandikiane na bwana wake ajikomboe. Bei ikawa mitende 300 na wakia 40 za dhahabu. Lakini sharti halikuwa kuchomeka vijiti 300 ardhini. Katika mapokezi ya Ibn Is-haq ni mitende ambayo Salman ataihuisha, yaani aifanye ishike iwe hai, na katika mapokezi mengine ni aihudumie mpaka izae. Yule bwana alikuwa mkulima, alijua tofauti ya kupanda na kuotesha. Masahaba wakaambiwa wamsaidie ndugu yao, huyu akaleta miche thelathini, huyu ishirini, huyu kumi na tano, huyu kumi, kila mtu kwa kadiri yake. Na Mtume (s.a.w.) hakusema twende tukapande. Alimwambia Salman akachimbe mashimo kwanza, akimaliza amwite. Mashimo yakachimbwa, ndipo miche ikaja, akaipanda kwa mkono wake mtukufu, na Salman anasimulia kwamba haukufa hata mmoja. Hiyo ni baraka ya Mtume, hatuna mkono kama ule. Lakini mashimo kabla ya mche, hilo tunaliweza. Na mkataba usiotimia mpaka mti uishi, hilo pia tunaliweza.

Sasa tuingie shambani, maana mawaidha bila jembe hayaoteshi kitu.

Shimo la mti wa matunda lichimbwe kiangazi, Septemba au Oktoba, futi mbili kwenda chini na futi mbili kila upande. Udongo wa juu, ule mweusi, uweke kando yake, na ule mwekundu wa chini upande mwingine, usiuchanganye. Chukua debe moja au mawili ya samadi iliyooza kabisa. Nasema iliyooza, kwa sababu samadi mbichi inaunguza mizizi, na wengi mnaosema mche uliletwa mbovu, mmeuunguza wenyewe. Changanya na ule udongo wa juu, rudisha shimoni, acha mvua za kwanza zishuke litulie. Wazee wa Kifipa wanaijua elimu hii kabla hatujazaliwa: kilimo cha intumba, nyasi zinafunikwa kwa udongo kwenye vilima vidogo vya duara, zinaoza humo, ndipo udongo ule unatandazwa na kupandwa. Mwenye intumba ya zamani hana haja ya kununua chochote, achukue udongo wake huo.

Kisha panda Desemba, au Januari mwanzoni. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Sina ugomvi na siku hiyo, na kule pwani Aprili ni masika yenyewe. Lakini kwa uwanda wetu, mche wa Aprili unapata wiki tatu au nne za mvua, na wa Desemba unapata miezi minne. Miezi hiyo ndiyo inayoipa mizizi nafasi ya kwenda kuutafuta unyevu wa chini kabla jua halijaufuata. Mkitaka, 1 Aprili fanyeni sherehe ya kuikagua miche ya Desemba. Picha zitapendeza zaidi, majani yatakuwapo.

Siku ya kupanda mwagilia mche ukiwa bado ndani ya kiriba, ndipo ukichane kwa wembe na kukitoa chote. Nimeona kwa macho yangu miche iliyong'olewa baada ya mwaka mzima, kiriba bado kimeivaa mizizi kama soksi. Usilitikise lile donge la udongo. Mche ukae kwa kina kilekile uliokuwa nacho kitaluni, shingo isifukiwe, na kama ni wa kubebesha, pale palipoungwa pabaki juu ya ardhi wazi wazi. Parachichi hasa haipendi kuzikwa wala kusimama kwenye maji. Mizizi yake iko juu juu na inaoza upesi. Kama eneo lako ni la mfinyanzi, inua udongo kidogo, uupande kwenye kilima. Ule mti wa kwanza wa parachichi aina ya Hass, ambao ndio shina la yote mnayoyasikia Njombe na kwingineko, ulikuwa mche wa mbegu tu kwenye uwanja wa mtu mmoja California aliyekuwa mpeleka barua, Rudolph Hass. Uliishi zaidi ya miaka 70, ukafa mwaka 2002, na kilichouua ni ugonjwa wa kuoza mizizi.

Chomeka mambo kando yake, ufunge kwa kamba ya mgomba, si waya, na usibane: upepo wetu wa Juni unautingisha mche usiofungwa, na kila ukitingishika vile vizizi vyembamba vinakatika. Palilia duara la mita moja, tandaza nyasi kavu nene kiasi cha upana wa kiganja, lakini ziache mbali na shina, ziligusapo shina panaoza na mchwa wanapata daraja. Upande wa magharibi weka kivuli cha mabua, kwa ajili ya jua la alasiri. Vichipukizi vinavyotoka chini ya pale palipoungwa vitoe, hivyo ni vya mti mwingine. Na mwaka wa kwanza mti ukitoa maua, yatoe. Najua yanauma. Mche wenye kimo cha mtoto haujamaliza kujenga mwili, unataka kuubebesha mimba.

Yote hayo, wallahi, ni kazi ya siku moja au mbili. Kinachoua miti yetu ni maji, na ndani ya suala la maji mna suala lingine tusilopenda kulisema.

Mche unahitaji ndoo moja ya lita 20, mara mbili kwa wiki, imiminwe polepole kwenye kisahani ulichouchimbia kuuzunguka. Penye udongo unaoshika maji, mara moja yatosha, na wakati wa baridi unaweza kupunguza. Kikombe kila siku hakifai, kinalowesha vumbi la juu tu na kuizoesha mizizi kubaki juu. Sasa piga hesabu. Kiangazi chetu ni kama wiki 26. Mara mbili kwa wiki ni ndoo 52 kwa mti mmoja. Ukipanda miti kumi, ni ndoo 520. Swali langu kwa baba uliyepiga picha na kanzu: hizo ndoo 520 anabeba nani? Ulimuuliza mama watoto? Ulimuuliza binti yako anayetoka shule saa tisa na kisima cha jirani kimeshakauka? Sadaka ni yako, jina kwenye kibao ni la mama yako, na kichwa chenye ndoo ni cha mwanao. Mtume wetu (s.a.w.), anasimulia Bibi Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake), alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake mpaka inapofika swala. Basi kabla ya kununua miche, hesabu ndoo utakazobeba wewe, kwa baiskeli yako, na idadi ya miti ifuate hiyo. Ikitoka mmoja, panda mmoja. Hapana aibu.

Wapo watakaosema, lakini sheikh, mbuzi. Ndiyo, mbuzi. Kila mwaka naletewa kesi hizi baada ya swala ya Ijumaa, kwa hiyo nizijibu hapa kwa pamoja. Ngamia wa al-Baraa bin Azib aliingia bustani ya watu akaharibu, na Mtume (s.a.w.) akahukumu kwamba wenye bustani wazilinde mchana, na wenye wanyama wawajibike kwa kinachoharibiwa usiku. Imo katika Muwatta ya Imam Malik na Sunan Abi Dawud. Mafaqihi wa madhehebu yetu ya Shafii wameangalia pia ada ya mji, inapokuwa kinyume na hivyo. Maana yake kwetu, ambapo ada ni mifugo kufunguliwa baada ya mavuno: mchana uzio ni juu yako wewe mwenye mti. Miiba, fito, chochote, urefu wa kifua. Ukiacha mche wazi mwezi wa saba halafu ukaja kudai fidia ya mbuzi wa saa nne asubuhi, hutanipata upande wako.

Lakini wewe mwenye mbuzi usichekelee. Usiku ni wako. Na tazama namna ya kulipa. Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na ya 79, Allah anatutajia hukumu ya Daudi na Suleiman (alayhimas salaam) juu ya shamba lililoliwa usiku na kondoo wa watu. Ibn Kathir amenakili kutoka kwa Ibn Masoud kwamba lilikuwa shamba la mizabibu iliyokwisha kutoa vichala. Daudi alihukumu kondoo wapewe mwenye mizabibu. Suleiman akaona njia nyingine: mwenye kondoo akabidhiwe mizabibu aihudumie mpaka irudi kama ilivyokuwa, na mwenye mizabibu akae na kondoo anufaike nao muda huo, kisha kila mmoja arudishiwe mali yake. Na Allah akasema kwamba alimfahamisha Suleiman. Mimi huwa napendekeza sulhu ya namna hiyo: mbuzi wako wamekula mche wa jirani usiku, nunua mwingine, na umwagilie wewe mpaka mvua. Wenye mbuzi wengi wakisikia hivyo wanaona bora kutoa pesa. Hapo ndipo wanapojua thamani ya mche iko wapi.

Kuhusu misikiti. Maji ya udhu yanayotiririka kwenda mferejini ni hazina. Katika fiqhi yetu maji yaliyotumika kwa udhu hayafai kutawadhia tena, lakini ni tohara, hayana najisi, na mti hauswali. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita. Sisi tumemzidi mbali, tukishafungua bomba. Tuseme watu thelathini, kila mmoja amwage lita mbili tu: hizo ni lita 60, ndoo tatu kamili, kwa swala moja. Mfereji wa matofali kutoka pa kutawadhia hadi kwenye miti, uwe mbali na maji ya chooni, na usipitie mahali pa kufulia kwa sabuni. Mafundi tunao humu humu katika jamaa. Tangi lisilotosha swala zote kiangazi, hilo nalijua, ipo misikiti ambayo mwezi wa tisa watu wanatawadha nyumbani. Msikiti wa namna hiyo upande miti miwili na uridhike.

Na nyinyi ndugu zetu mlioko Dar, Mbeya, Muscat na kwingineko mnaotuma pesa tupande kwa niaba ya wazee wenu, Allah awazidishie. Ila mnatuma pesa ya miche. Miche arobaini, hamsini, na kibao. Nawaomba mbadilishe mgawanyo. Pesa ya miche arobaini ifanyeni miche mitano ya kubebesha, uzio, pipa moja, na ujira wa kijana mmoja kutoka Mei mpaka Novemba, miaka miwili. Pesa mliyotuma kwetu ni amana, na Mtume (s.a.w.) amekataza kupoteza mali. Kamati inayonunua miche arobaini huku ikijua haina maji ya miche kumi inapoteza mali ya watu, hata kama risiti zote zipo. Na mnaotuma muulize. Msiombe picha ya siku ya kupanda. Ombeni ya mwezi wa kumi.

Kwa jamaa wa hapa: Ijumaa hii kila mmoja aje na chupa tupu mbili za maji za lita moja na nusu. Tutazitoboa kwa sindano ya moto karibu na kizibo, tuzijaze, tuzichomeke kichwa chini kando ya kila mche, zidondoke polepole. Vijana wa madrasa watapewa kila mmoja mche wake kwa jina, na atakayeufikisha Novemba ukiwa hai atauchagulia yeye nani anywe uji wa kwanza siku ya khitma. Wenye mapipa yaliyotoboka msiyatupe, fundi yupo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.